Uchovu usioisha ni ugonjwa, si uvivu

Katika mitaa na kambi za wahami, mtu anayeshindwa kuamka mwezi baada ya mwezi hupewa jina haraka: mvivu. Wengine husema amerogwa. Maneno hayo ni uonevu, na yakome.

Kuna ugonjwa unaoitwa uchovu sugu. Mgonjwa hulala usiku kucha na kuamka bado amechoka. Kazi ndogo kama kuchota maji inaweza kumlaza siku nyingi, na kichwa hakishiki mambo. Shirika la Afya Duniani, OMS, liliuweka kati ya magonjwa ya mfumo wa neva tangu 1969.

Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipiga picha za ubongo wa wagonjwa 15 na watu 14 wenye afya. Kwa wagonjwa, sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyuzi zinazopitisha habari, ilikuwa imepungua. Upande wa kuume, kifungu kimoja cha nyuzi hizo kilikuwa na kasoro, na kwa waliozidiwa kasoro ilionekana zaidi.

Kuna watakaojibu kwamba watu 15 ni wachache. Ni kweli, na picha hiyo haitoshi kumpima mgonjwa mmoja mmoja. Lakini yule anayesema "hana kitu", yeye alimpima nani?

Wengine hudai dawa ni kumsukuma afanye kazi. Uingereza, taasisi ya NICE inayowaelekeza waganga iliacha mwaka 2021 kushauri wagonjwa hawa waongezewe mazoezi hatua kwa hatua. Wengi walikuwa wamelalamika kwamba yaliwazidishia ugonjwa.

Jambo hili linagusa Kivu ya Kaskazini pia. Mara nyingi uchovu sugu huanza baada ya maambukizi. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliacha watu zaidi ya 1,100 waliopona, na uchovu mrefu ni kati ya mateso yanayojulikana ya waliopona Ebola. Si kila uchovu ni ugonjwa huu. Njaa, malaria na upungufu wa damu nao huchosha. Ndiyo maana mtu apimwe kwanza, asihukumiwe.

Viongozi wa kambi wasimfute kwenye orodha ya msaada kwa sababu hakuweza kusimama kwenye foleni. Muuguzi asimrudishe nyumbani bila kumsikiliza. Jamaa wamwache apumzike kabla hajaanguka. Aliyevunjika mguu haambiwi akimbie.