Wanawake wako machimboni, lakini leseni ina jina la nani?

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mara nchini Tanzania, wanawake wanaponda mawe, wanaosha mchanga kwenye mialo, wanachota maji na kupika chakula. Benki ya Dunia imekadiria kuwa barani Afrika wanawake ni kati ya asilimia 40 na 50 ya watu wanaofanya kazi katika uchimbaji mdogo. Kwa hiyo swali si lini wataingia kwenye madini. Swali ni wanarudi nyumbani na nini.

Mgawo unavyokwenda

Mawe yakitoka chini, hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara aliyegharamia kazi, wachimbaji walioshuka na, mara nyingi, mwenye shamba. Mama anayeponda kwa kawaida hayumo. Hulipwa kwa ndoo au kwa siku, au huachiwa marudio. Bei ya dhahabu ikipanda duniani, mgawo wa wale wengine hupanda nayo. Ujira wa ndoo unaweza kubaki palepale.

Nini kinamzuia?

Si sheria ya leo. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haibagui mwanamke na mwanamume katika leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hudumu miaka 7 na huweza kuhuishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi.

Lakini duara linahitaji magogo, pampu na chakula cha vijana kwa miezi kadhaa kabla dhahabu haijaonekana. Benki inataka dhamana, na shamba mara nyingi lina jina la baba au mume. Kisha kuna imani kwamba mwanamke akisogelea duara, dhahabu inakimbia. Imani hiyo inamweka mbali na mahali mgawo unapoanzia. Wala si mila za kijijini peke yake: mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 45 uliokataza wanawake kufanya kazi chini ya ardhi migodini.

Masoko yamesaidia nani?

Mwaka 2019 serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakaanza kufunguliwa. Sokoni dhahabu hupimwa hadharani, na mwanamke mwenye dhahabu yake hamtegemei tena dalali wa gizani. Anayelipwa kwa ndoo, hata hivyo, hana cha kupeleka sokoni.

Njia iliyo karibu

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya wanawake. Kikundi chenye karasha hulipwa kwa kila mzigo unaosagwa, dhahabu iwe nyingi au kidogo. Kikundi chenye leseni hukaa mezani wakati wa mgawo.

Kabla ya kuweka nguvu au fedha zenu, ulizeni katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi leseni ya eneo hilo ni ya nani na inaisha lini. Makubaliano ya mgawo yaandikwe na kusainiwa mbele ya mashahidi. Neno la mdomo husahaulika haraka dhahabu ikionekana.