Mandhari si Mahali Tu

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi aulizwapo kuhusu mandhari ya riwaya, hutaja mahali na wakati, kisha hukimbilia wahusika. Nuru haigusi. Huu ni upungufu, na wachoraji wa karne ya 19 wanaweza kuuponya.

Mwaka 1839, Mwingereza J.M.W. Turner alionyesha picha ya Temeraire, merikebu ya kivita iliyopigana Trafalgar mwaka 1805, ikikokotwa na meli ndogo ya moshi kwenda kuvunjwa. Merikebu imefifia kama kivuli cheupe. Upande wa pili jua linatua kwa wekundu na manjano. Hakuna mhusika anayeonekana akilia. Huzuni yote imebebwa na nuru.

Hata hivyo, kuyaiga machweo ya Turner ni kosa jingine. Huko Uingereza jua hushuka kwa mshazari, na mwezi wa Juni utusitusi wa London huchukua zaidi ya dakika 40. Maseno nayo imepitiwa na ikweta. Hapa jua huzama karibu wima, na baada ya dakika 20 hivi giza limekwisha kuvifunika vilima na Ghuba ya Winam. Mwandishi wa huku anayewapa wapenzi wake machweo marefu ya kutembea polepole ameazima jua la wenyewe.

Kuazima huko kuna haja gani? Kiswahili kinaijua nuru yake. Saa zake huhesabiwa tangu macheo na tangu machweo, mpango unaofaa pale ambapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Mpango huo unaiafiki lugha iliyolelewa karibu na ikweta.

Wapo watakaodai kwamba uchoraji ni kazi ya idara nyingine. Lakini neno mandhari hutumika kwa picha na kwa riwaya vilevile. Lugha yenyewe imekwisha kuziunganisha sanaa hizi mbili.

Hapana budi, basi, mhakiki aulize si "wapi?" pekee, bali pia "kwa nuru gani?" Naye mwandishi chipukizi asiuonee haya ufupi wa jioni yake. Una hisia zake: maneno ya kuagana yanayokatizwa na giza, na taa za wavuvi wa omena zinazowashwa ziwani wakati wengine wanafunga milango. Nuru hiyo inamngoja mwenye kuiandika.