Udhuru wa Uongo Huanzia Nyumbani

Ni asubuhi ya Jumatatu. Baba hana homa wala kichwa hakimuumi. Ana uchovu wa harusi ya usiku uliopita. Simu ya msimamizi wake wa kazi inaita, naye anamkabidhi mwanawe: "Pokea, mwambie baba anaumwa, hawezi kuongea." Mtoto anatii. Jioni mtoto huyo huyo anadai tumbo linamkata, hawezi kwenda madrasa, na baba anamkaripia kwa kusema uongo. Tujiulize, somo hilo alisomeshwa na nani?

Uislamu haukumdhulumu mgonjwa. Amepewa ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu. Sheria za nchi nazo zimemjali. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, alimradi alete cheti cha daktari. Ruhusa hizi ni amana. Anayezichezea humdhulumu mgonjwa wa kweli, kwani kesho atakapokuja mwenye kutetemeka kwa homa, naye atatazamwa kwa jicho la shaka.

Tukumbuke yaliyotokea mwaka wa 9 Hijria, katika safari ya Tabuk. Jua lilikuwa kali, matunda yameiva na vivuli vinavutia. Mtume (SAW) aliporejea Madina, watu themanini na ushei waliobaki nyuma walimjia na nyudhuru na viapo. Alizipokea kwa dhahiri yake, akamwachia Allah ya moyoni. Kisha akaja Ka'b bin Malik (RA), mtu hodari wa kusema, ambaye asingeshindwa kutunga udhuru. Akakiri kwamba hakuwa na udhuru wowote, na kwamba hakupata kuwa na nguvu na wasaa kama wakati ule. Yeye na wenzake wawili walisuswa kwa siku 50, dunia ikawa finyu kwao. Hatimaye toba yao ilikubaliwa, na habari yao ikateremshwa katika Sura At-Tawba. Wale wa viapo waliondoka na nafuu ya siku moja. Ka'b alipata radhi za Mola wake.

Katika kisa hiki wazazi tuna mafunzo mawili. Kwanza, tusiwafanye watoto wetu mashahidi wa uongo wetu. Aliyechoka na aseme amechoka, aombe ruhusa, akinyimwa, avumilie. Pili, tusiwe wapelelezi wa maradhi ya watu. Mtoto anayeumwa tumbo kila siku ya shule asikimbiliwe kwa bakora. Pengine anakimbia fimbo ya mwalimu, mwenzake anayemwonea, au somo lililomshinda. Tukae naye kwa upole, tumuulize anachokiogopa. Akituambia kweli, tusimwadhibu kwa kweli hiyo, maana tukimwadhibu tutakuwa tumemfunza kwamba uongo ndio wenye salama.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Na tuombe afya, kisha tuitumie katika kutekeleza wajibu wetu. Wallahu a'lam.