AFYA YA FAMILIA: Upele ni ugonjwa wa nyumba nzima

Mwezi huu tuzungumze juu ya ngozi, kwa sababu hakuna mtaa hapa kambini ambao hauna watoto wanaojikuna.

Mambo huwa hivi. Mtoto anajikuna usiku kucha, mama anampeleka zahanati, anapewa dawa ya kupaka na anapata nafuu. Baada ya wiki chache anaanza tena. Watu wanasema, "Dawa ya pale haina nguvu." Jamani, mara nyingi dawa inayo nguvu. Shida ni kwamba mtoto alipakwa peke yake, halafu akarudi kulala kwenye mkeka mmoja na ndugu zake watatu.

Upele, ambao wenzetu wa Kongo wengi huuita gale, unaletwa na kidudu kidogo sana. Jike lake linachimba kwenye ngozi na kutaga mayai humo. Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 2 hadi 6 bila kuwashwa, na siku zote hizo anaambukiza wengine. Kwa hiyo baba anayesema "mimi sijikuni, msinipake hayo madawa" ndiye anaweza kuurudisha ugonjwa nyumbani.

Tena tusichekane. Upele si ugonjwa wa wachafu. Unapita kwa ngozi kugusana na ngozi, hasa pale watu wanapolala wengi mahali padogo, na kuoga peke yake hakuuzuii. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao.

Lakini tusiudharau. Kucha zinaingiza wadudu wengine kwenye vidonda, vinatoa usaha, na kwa watoto wengine figo zinaumia. Mtoto mwenye vidonda akiamka na uso umevimba, au mkojo wake ukiwa na rangi kama ya chai, apelekwe kwa mganga siku hiyo hiyo.

Namna ya kuumaliza

1. Tazameni katikati ya vidole, viganjani, kwapani, kiunoni, matakoni, kwenye matiti na sehemu za siri za wanaume. Kwa watoto wachanga tazameni pia nyayo na kichwa. Muwasho unazidi usiku.

2. Mkienda zahanati, semeni mnalala wangapi nyumbani, ili dawa itoshe wote.

3. Pakeni wote siku moja, anayewashwa na asiyewashwa. Wakubwa wanapaka kuanzia shingoni hadi nyayo, na chini ya kucha pia. Watoto wadogo hupakwa na kichwani, lakini si machoni wala mdomoni. Ukinawa mikono, jipake tena mikononi.

4. Fuateni muda mlioambiwa. Krimu ya pamethrini hukaa mwilini saa 8 hadi 14. Benzili benzoeti, ile dawa nyeupe ya maji, kwa kawaida hukaa saa 24, na kwa watoto huzimuliwa kwa maji. Kipimo atoe mhudumu. Vidonge vya ivamektini havipewi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15.

5. Siku ileile fueni nguo, mashuka na blanketi kwa maji ya moto, mkaanike juani. Kisichofulika kifungeni kwenye mfuko wa plastiki kwa siku 4 au zaidi. Kidudu hiki hakiishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu.

6. Rudieni dawa tarehe mliyopewa, hata kama mmepona.

Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 ingawa vidudu vimeshakufa. Msipake dawa kila siku, inachoma ngozi. Lakini vikitokea vipele vipya baada ya mwezi, rudini zahanati. Na tafadhali, maji ya betri, mafuta ya taa na dawa ya wadudu wa shambani visiguse ngozi ya mtoto.

Si kila kinachowasha ni upele

Mashilingi ni mabaka ya duara, ukingo wake umeinuka. Ya mwilini yanapona kwa krimu ya fangasi. Ya kichwani yanahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa kuwa krimu haifiki kwenye shina la nywele. Mjihadhari na zile krimu za sokoni za kung'arisha uso. Nyingi zina dawa inayotuliza muwasho siku mbili tatu huku fangasi wakizidi kusambaa.

Baka lililopauka, lisilowasha na lisilosikia ukiligusa, linaweza kuwa ukoma. Msimfiche mtu huyo! Ukoma unapona kwa vidonge vya miezi 6 au 12 vinavyotolewa bure, na akiwahi anaepuka ulemavu.

Vipele vyenye maji au usaha, pamoja na homa na mitoki iliyovimba, vinaweza kuwa mpox, ambayo mwaka 2024 ilienea Kongo na kufika Burundi. Nendeni zahanati haraka, na msichangie blanketi wala nguo na mgonjwa.

Vinyama na uvimbe

Masundosundo yanaletwa na virusi, na kwa watoto mengi hutoweka yenyewe ndani ya miaka miwili. Kuyakata kwa wembe kunayasambaza. Uvimbe laini unaoteleza chini ya ngozi, usiouma na usiokua, mara nyingi ni mafuta tu, lakini uonyesheni. Kovu lililovimba kupita kidonda chenyewe lisikatwe mtaani, maana hurudi kubwa zaidi.

Msingoje kama kuna kidonda kisichopona wiki 4, kinyama kinachokua au kutoa damu, madoa ya zambarau, au doa jeusi linalopanuka kwenye unyayo au chini ya ukucha. Kwetu watu weusi saratani mbaya ya ngozi hupenda kuanzia hapo mguuni, mahali ambapo hatutazami. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, kidonda chochote kinachokawia usoni au masikioni kionyeshwe mapema.

Basi, jioni ya leo kaeni pamoja kama familia. Tazamaneni mikono, na wakubwa wawe wa kwanza kuonyesha yao. Ikiwa mmoja ana upele, chagueni siku moja ya dawa na ya kufua, na majirani mnaolala nao chumba kimoja muwaambie bila aibu.