Si Kila Mnyororo Hulegea

Mwandishi anayetuagiza tulegeze minyororo ya kila modeli ya kifaru, eti ndio uhalisia, ametazama kifaru kimoja akavihukumu vyote. Kwa T-34 ya Wasovieti yuko sahihi. Haina vigurudumu vya kubeba mnyororo kwa juu, hivyo mnyororo hulalia magurudumu matano makubwa na kubonyea kati yake. Tena gurudumu linaloendesha mnyororo liko nyuma: kifaru kikienda mbele, upande wa chini huvutwa na wa juu hulegea.

Sasa chukua Sherman ya Marekani. Gurudumu la kuendesha liko mbele, pini za mnyororo zimevikwa mpira, na juu kuna vigurudumu vya kuubeba. Ulegeze kama wa T-34 na utakuwa umeunda kifaru kibovu. Labda ndicho alichotaka.

Kuhusu magurudumu, mwandishi huyo kimya! Modeli ikipandishwa juu ya jiwe huku magurudumu yote yamebaki usawa mmoja, hakuna mnyororo utakaoiokoa. Kwenye T-34 kila gurudumu hupanda peke yake. Kwenye Sherman yamefungwa mawili mawili, moja likipanda mwenzake husukumwa chini. Kabla ya kushika gundi, tafuta picha ya kifaru hichohicho unachokiunda.