Land Rover ya zamani ina masoko mawili, msumeno hufunga moja

Chukua gari lililosimama juu ya magogo katika gereji ya kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga. Ni Land Rover 109, ile ndefu, ya miaka ya 1970. Injini imechoka, breki zinavuta upande mmoja, lakini bodi ni nzima na namba ya chasisi inasomeka. Mwenyewe anafanya biashara ya mbuzi na mahindi, na anataka gari lirudi mnadani kabla ya mvua. Fundi ameshapiga hesabu: injini ya dizeli ya Toyota na giaboksi yake, kisha bodi ikatwe nyuma ya viti vya mbele ili kuweka kitanda cha mbao. Siku mbili baadaye anapita dalali, anafungua boneti na kuuliza swali moja tu: hii ni orijino?

Mwenye gari hawezi kuwaridhisha wote wawili. Na swali lenyewe lina uzito zaidi leo kuliko miaka 20 iliyopita, kwa sababu magari haya hayaji tena. Land Rover Series III iliacha kutengenezwa mwaka 1985, na Defender iliyoifuata ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, kwa mara ya mwisho Januari 2016. Toyota Land Cruiser za namba 40 zilikoma Japani mwaka 1984. Hata ukizikuta ughaibuni, milango ya kanda imefungwa: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu mwaka 2018 inakataa gari lenye miaka 15 au zaidi. Tanzania inapokea magari makuukuu, ila kwa ushuru wa ziada unaowachosha wengi. Kwa hiyo hazina iliyopo ndani ya kanda inapungua kila mwaka kwa ajali, kutu na vyuma chakavu.

Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 liliwafumbua macho wengi. Walioleta magari yao walikuta watu wakipiga picha na vitu ambavyo kijijini vilikuwa vinafungiwa ndama. Madalali nao walikuwepo.

Soko la kwanza ni la kazi. Humo gari hupimwa kwa magunia, lita za dizeli na urahisi wa spea. Mnunuzi wa Loliondo au Marsabit hajali kama injini ni ile iliyokuja na gari. Anajali kama litawaka alfajiri. Soko la pili ni la wakusanyaji wa magari ya zamani, walio wachache Nairobi na wengi Ulaya na Marekani. Huko gari hupimwa kwa kile ambacho hakijaguswa.

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua forodha, basi na waitazame forodha ya huko. Umoja wa Ulaya una kifungu cha ushuru 9705, kinachohusu vitu vya historia na mikusanyo. Gari lenye angalau miaka 30, la aina isiyotengenezwa tena, likiwa katika hali yake ya awali bila mabadiliko makubwa ya chasisi, bodi, usukani, breki, springi, giaboksi au injini, linaweza kuingia humo bila ushuru wa forodha. Likikosa sifa hizo linarudishwa kwenye kifungu cha magari ya kawaida, ambako gari la abiria hutozwa asilimia 10 kabla ya kodi nyingine. Marekani husamehe masharti ya usalama kwa gari lililotimiza miaka 25. Kuhusu moshi, mamlaka ya mazingira ya huko husamehe gari lenye miaka 21 au zaidi, lakini kwa sharti kwamba liwe halijabadilishwa. Injini mpya iliyowekwa ili kulisaidia gari kupanda mlima wa Kitulo inaweza kulizuia bandarini Baltimore.

Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hutofautisha kazi ya spana na kazi ya moto. Kilichofungwa kwa boliti kinaweza kufunguliwa na kurudishwa. Kilichokatwa kwa grainda au kuchomelewa kimeshaenda. Land Rover za zamani zina bahati hapa, kwa kuwa karibu gari zima limeungwa kwa boliti: fenda, milango, paa, hata nusu ya nyuma ya bodi hunyanyuka kutoka kwenye chasisi. Bodi ni ya aloi ya alumini, haili kutu kama bati. Chasisi ni ya chuma, na hiyo ndiyo inayooza, hasa kwa gari lililoishi Tanga au Mombasa.

Turudi kwa injini. Kubadilisha injini si lazima kuwe uharibifu. Fundi mwangalifu hutengeneza viti vya injini vinavyofungwa juu ya vile vya zamani, hutumia bamba la kuunganisha giaboksi ya asili, na injini ya kwanza ikawekwa stoo chini ya turubai. Siku mnunuzi akija, vyote vinarudi mahali pake. Lakini fundi mwenye haraka hukata viti vya asili, hutoboa ukuta kati ya injini na dereva ili giaboksi ndefu ipite, kisha huchomelea bamba jipya kwenye chasisi. Bei za kazi hizi mbili hazipishani sana. Kinachopishana ni siku za kungoja, na ndipo wengi wanaposhindwa uvumilivu.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya gereji mara nyingi huliruka. Land Rover za Series zina breki za dramu magurudumu yote manne, na shafti za ekseli ya nyuma ni dhaifu kiasi kwamba madereva wa zamani walizoea kusafiri na ya akiba. Injini ya asili ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu ndogo, na gari lote lilipangwa kwa nguvu hiyo. Ukiweka injini ya lita 4.2, umenunua pia breki mpya na ekseli mpya, hata kama fundi hajaziandika kwenye karatasi. Ukiacha breki zile zile, mteremko wa kwanza wenye mzigo wa tani moja utaleta deni hilo.

Usukani ni mtihani wa wanaouza kuelekea magharibi. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, na usukani uko kulia. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia. Anayetaka kuuza gari ng'ambo ya Rusumo au Kabanga hushawishika kuhamisha usukani. Kwenye Land Rover za Series kazi hiyo ina unafuu usiotarajiwa: ukuta wa mbele ulitengenezwa kupokea usukani pande zote mbili, na upande usiotumika umezibwa kwa vifuniko. Ukipata vifaa sahihi unahamisha, na unaweza kurudisha. Kwa magari mengine mengi, fundi hulazimika kukata ukuta huo na kuuchomelea upya. Hilo haliharibu thamani ya ukale tu; mfumo wa usukani uliochomelewa vibaya ni roho za watu.

Kazi ya kukata na kurefusha chasisi, inayojulikana sana kwa magari ya watalii ya Arusha na Nairobi, ina mantiki yake pale gari litakapolipa deni kwa viti vya ziada kila msimu. Kwa gari la miaka ya 1960 au 1970 lililo zima, ni vigumu kuitetea. Chasisi ndiyo inayobeba namba, na namba ndiyo cheti cha kuzaliwa. Jumba la makumbusho la magari la Uingereza lililoko Gaydon hutoa, kwa malipo, cheti kinachoonyesha Land Rover yenye namba fulani ilitengenezwa lini, ikiwa na injini gani, na ikapelekwa wapi. Mnunuzi makini hulinganisha cheti hicho na chuma anachokiona. Namba ikiwa imekatwa au kufunikwa na bamba, mazungumzo yanaishia hapo.

Hata asiyeota kuuza Ulaya ana sababu ya kuijali namba. Kadi ya gari ya Tanzania na logbuku ya Kenya zote hubeba namba ya chasisi na ya injini. Aliyebadilisha injini bila kupeleka taarifa TRA au NTSA anasafiri na karatasi zinazosema uongo. Kijijini hakuna anayeangalia. Namanga, Holili au Malaba, ofisa akifungua boneti na namba zisifanane, gari linashukiwa kuwa la wizi, na mbuzi walio nyuma hawajui kungoja uchunguzi. Kusajili mabadiliko kunagharimu siku chache, na huwa rahisi pale risiti ya injini iliyonunuliwa ipo. Wengi hununua bila risiti.

Pamoja na hayo, si kila gari la zamani linastahili kulindwa, na madalali wanapenda kulikuza jambo hili. Land Rover iliyoshabadilishwa injini mara tatu, yenye chasisi ya viraka na bodi ya mabati, haina kitu kilichobaki cha kupotezwa. Huyo mwache fundi afanye kazi yake. Vilevile si kila badiliko la zamani ni dosari. Gari lililokatwa paa miaka ya 1960 na kampuni ya uwindaji, au lililoandaliwa kwa ajili ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, hubeba badiliko hilo kama sehemu ya historia yake, mradi kuna picha au karatasi. Land Rover zilizounganishwa Thika nazo huambiwa na wanunuzi wajanja kwamba si orijino, ili bei ishuke. Ni maneno ya sokoni tu. Zilitoka kiwandani hivyo.

Umeme umeongeza swali jipya. Nairobi kumekuwa na kampuni, ikiwemo Opibus ambayo sasa inaitwa Roam, zilizobadili Land Rover na Land Cruiser za utalii ziende kwa betri. Kwa hifadhi yenye umeme wa jua na safari fupi, hesabu inaweza kukubali. Kwa mchuuzi anayetoka Loitokitok na mzigo bila kujua atalala wapi, bado.

Tena kuna gharama ya kungoja ambayo dalali haitaji. Gari lililohifadhiwa halilishi mtu. Mnunuzi wa nje anaweza kuja baada ya miezi sita au asije kabisa, na ahadi yake hailipi ada ya shule. Na gari likishapanda meli, halirudi: kikomo cha miaka 8 hakimwoni muuzaji aliyejuta.

Kwa yule wa mbuzi na mahindi, hesabu inayoelekea kusimama ni ya katikati: injini ya dizeli kwa viti vya boliti, breki zitengenezwe kwanza, kitanda cha mbao kifungwe juu ya bodi bila kuikata, mabadiliko yaandikwe kwenye kadi. Injini ya zamani ipakwe mafuta, mitungi izibwe vumbi lisiingie, iwekwe mahali ambapo muuza vyuma chakavu hafiki.