Umeachwa na timu? Mpira haujakuacha

Mabeshte, leo tuambiane ukweli. Hapa Mackinnon Road kila kijana ni straika. Jioni pitia uwanjani: ishirini na wawili wako ndani wanatimua vumbi, wengine wamekaa kando wanangoja zamu. Sasa uliza kocha ni nani. Utaambiwa ni yule mwenye mpira.

Hata mimi nilijiona straika. Mwaka juzi nikapanda matatu hadi Mombasa kwa majaribio ya timu moja, nikaachwa siku hiyohiyo. Njia nzima ya kurudi sikuongea. Nilipofika nyumbani nikaviweka viatu juu ya kabati, nikasema mpira na mimi basi.

Halafu nikasoma habari za José Mourinho. Jamaa alicheza timu za kawaida huko Ureno, na kabla hajafika miaka 25 akaona uwanjani hatoboi. Hakununa. Akasomea michezo chuoni, akafundisha shule, na 1992 akawa mkalimani wa kocha Mwingereza, Bobby Robson. Watu walimcheka eti mtafsiri tu. Mwaka 2004 huyo mtafsiri akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa na Porto.

Unajua nani alikuwa kwenye kikosi kile? Benni McCarthy, yule aliyeifunga Manchester United mara mbili msimu huo. Ndiye huyo aliyepewa Harambee Stars Machi 2025, na kwenye CHAN ya Agosti mwaka huohuo tukamchapa Morocco 1-0 pale Kasarani. Morocco ndio waliochukua kombe mwishowe! Kwa hivyo mtu ambaye hakuwa staa uwanjani alimfundisha staa, na staa akaja kutufundisha sisi. Elimu ya mpira hutembea hivyo.

Najua mtaniambia, "Wewe, babake Mourinho alikuwa kipa na kocha, mlango alifunguliwa." Kweli kabisa. Na hapo ndipo penye shida yetu. Sisi wa kutufungulia hatuna. Mheshimiwa akija anakuja na jezi na kombe, tunapiga picha, baada ya miezi miwili jezi zimechanika na kocha bado ni mwenye mpira.

Maoni yangu ni haya: akija tena, tumwombe kitu kimoja tu. Alipie vijana wawili wa hapa kozi ya leseni D ya CAF, ile ya kuanzia. Wakirudi, wale watoto wa miaka kumi wanaokimbilia mpira wote kama kuku kwenye mahindi watapata mtu wa kuwaonyesha pa kusimama.

Mimi jina langu niandikeni la kwanza. Viatu nishavishusha.

Wewe je, ungechagua jezi au kozi? Niambie hapo chini.